Makosa ya biti kwenye njia yenye mwangwi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeyakusanya kutoka kwa mafundi wa redio na wanafunzi wa mawasiliano hapa Mwanza. Wengi wao wanaunganisha vituo vya kupima maji, kamera za mwaloni au ofisi za visiwani. Yameanza na ya msingi. Anayejua mwingiliano wa alama ni nini aruke hadi sehemu ya kukokotoa.

## Ya msingi

Mwingiliano wa alama ni nini hasa?

Gari la matangazo likisimama mtaani na nyuma yake kuna jabali umbali wa mita 34, sauti inakwenda mpaka jabalini na kurudi, jumla mita 68. Sauti husafiri hewani takriban mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo mwangwi unachelewa sekunde 0.2. Mtangazaji anayetamka silabi tano kwa sekunde, kila silabi yake inaangukiwa na ile iliyotangulia, na wasikilizaji wanaulizana amesema nini. Akipunguza kasi hadi silabi mbili kwa sekunde, mwangwi unaangukia humohumo ndani ya silabi yake na maneno yanaeleweka.

Redio nayo iko hivyo. Alama ni kipande cha wimbi kinachobeba biti moja au zaidi. Wimbi la redio hukata mita 300 kwa mikrosekunde moja. Njia ya pili ikiwa ndefu kuliko ya moja kwa moja kwa mita 300, na wewe unatuma alama milioni moja kwa sekunde, mwangwi wa alama moja unaikuta alama inayofuata mlangoni mwa kipokezi. Huo ndio mwingiliano wa alama.

Mwangwi huo unaletwa na ziwa?

Mara nyingi hapana, na jambo hili huwashangaza wengi. Maji hurudisha wimbi vizuri sana, lakini njia inayopita kwenye maji huzidi ile ya moja kwa moja kwa kiasi kidogo mno. Zidisha urefu wa antena mbili kutoka usawa wa maji, zidisha kwa mbili, kisha gawa kwa umbali. Antena ya mita 60 upande wa mjini na ya mita 20 kisiwani, umbali wa kilomita 10: tofauti ni sentimita 24, yaani nanosekunde 0.8. Kwa alama inayodumu nanosekunde 1,000, hilo halisogezi alama moja juu ya nyingine. Linachofanya ni kuipa nguvu au kuififisha alama yote kwa pamoja.

Mwangwi unaopandisha alama juu ya alama hutoka kwenye milima na majabali yetu. Jabali lililo mita 150 nyuma ya antena linatosha kuleta mikrosekunde nzima. Hata hivyo ziwa na jabali wakishirikiana wanaleta balaa lao. Tazama swali la mwisho.

Kiwango cha makosa ya biti ni nini?

Ni idadi ya biti zilizosomwa vibaya ukigawa kwa zilizotumwa. Tuchukue mfumo mwepesi: biti 1 inatumwa kama +1, biti 0 kama −1, na kipokezi kinaangalia kama kilichofika kiko juu au chini ya sifuri. Kelele ya umeme ina mgawanyo wa kawaida (ule wenye umbo la kengele), na mtawanyiko wake tunauita σ. Uwezekano wa kelele kuvuka x mara σ kwa upande mmoja huandikwa Q(x). Namba tatu zinafaa kukaa kichwani: Q(2) ni 0.0228, Q(4) ni 0.0000317, na Q(6) ni kama 1 kwa bilioni. Pasipo mwangwi, kiwango cha makosa ni Q(1/σ). Kwa σ ya 0.25 tunapata Q(4), makosa 3.2 kwa kila biti 100,000.

## Kukokotoa

Mwangwi ukiwepo, nikokotoeje?

Uliza swali moja kabla ya yote: jirani wa biti hii ni nani? Hapo ndipo kazi nzima ilipo.

Chukua mwangwi mmoja wenye nusu ya kimo cha wimbi kuu, uliochelewa alama moja. Kinachofika ni biti ya sasa, kuongeza 0.5 mara biti iliyopita, kuongeza kelele. Jirani akiwa sawa na biti ya sasa anamsaidia: kimo kinapanda hadi 1.5. Akiwa kinyume anamvuta: kimo kinashuka hadi 0.5. Kila hali inatokea nusu ya wakati, basi kiwango cha makosa ni wastani wa Q(1.5/σ) na Q(0.5/σ).

Weka σ ya 0.25. Hali nzuri inatoa Q(6), ambayo ni kama haipo. Hali mbaya inatoa Q(2), yaani 0.0228. Wastani wake ni 0.0114. Kutoka makosa 3.2 kwa 100,000 tumefika zaidi ya kosa moja kwa kila biti 100, mara 360 zaidi, na kelele haijabadilika hata kidogo. Angalia pia kwamba karibu makosa yote yametoka upande mmoja wa wastani. Ule mfuatano mzuri haukuchangia kitu.

Kwa nini nisiuchukulie mwangwi kama kelele zaidi na kujumlisha?

Swali hili naulizwa kuliko mengine yote, na naomba lisomwe polepole. Njia hiyo ni rahisi, na ndiyo inayopotosha watu.

Kwa mfano uleule, mwangwi wa 0.5 una nishati ya 0.25. Ukijumlisha na ya kelele, 0.0625 (σ mara σ), unapata 0.3125, mtawanyiko wake ni 0.559, na Q(1/0.559) ni 0.037. Ukweli ulikuwa 0.0114. Umekosea mara tatu, labda utasema si haba. Sasa punguza kelele hadi σ ya 0.125. Ukweli ni nusu ya Q(4), makosa 1.6 kwa 100,000. Hesabu ya kujumlisha inakupa 0.026. Umekosea zaidi ya mara 1,600, na utanunua antena kubwa usiyoihitaji.

Sababu ni kwamba kelele ya mgawanyo wa kawaida haina mpaka: mara chache sana inaruka mbali sana. Mwangwi una mpaka. Huu wetu ni +0.5 au −0.5, basi, hauwezi kufika 0.6 hata siku moja. Kuupa mkia usio nao ni kuhesabu makosa yasiyoweza kutokea. Kujumlisha kunakubalika pale tu vipande vya mwangwi vilipo vingi na kila kimoja ni kidogo mbele ya kelele.

Nina vipande vingi vya mwangwi. Mifuatano ya majirani si itakuwa mingi mno?

Vipande 10 vina mifuatano 1,024. Vipande 20 vina 1,048,576, na kompyuta ya kawaida inaimaliza hiyo upesi. Vikifika 40, mifuatano inapita trilioni moja, na hapo unahitaji ujanja.

Ujanja wa kwanza ni mipaka. Chukua mfuatano mbaya kuliko yote, ule ambao kila jirani anavuta kinyume, utafute Q yake. Ukweli hauwezi kuzidi hapo. Gawa jibu hilo kwa idadi ya mifuatano yote. Ukweli hauwezi kushuka chini ya hapo.

Wa pili ni wa mhandisi Saltzberg, wa mwaka 1968: vipande vikubwa vya mwangwi vinahesabiwa katika hali yao mbaya kabisa, na vidogo vinaingizwa kwa nishati yao pamoja na kelele. Unapata kikomo cha juu bila kuorodhesha chochote. Lakini kinalegea: kwa mfano wetu wa kipande kimoja kinatoa 0.135, zaidi ya mara 10 ya ukweli. Kitumie kuthibitisha kwamba mfumo uko salama. Kwa kulinganisha mifumo miwili iliyokaribiana hakifai.

Wa tatu ndio ninaoutumia kila siku. Endesha uigaji usio na kelele kabisa, biti nasibu 100,000 hivi zipite kwenye njia yako, na uandike kimo cha kila alama inapofika kipokezini. Halafu kwa kila kimo kokotoa Q ya kimo hicho kugawa kwa σ, chukua wastani. Mwangwi unapata haki yake kwa uigaji, kelele inapata haki yake kwa hesabu, na hata kiwango cha kosa moja kwa bilioni kinapatikana kwa dakika chache. Masharti ni mawili: kelele iwe na mgawanyo wa kawaida, na kipokezi kisiwe na kipandishi kilichozidiwa kinachokata vichwa vya mawimbi.

Nikiongeza nguvu ya mtambo makosa hayatakwisha?

Inategemea jicho. Ukiangalia alama zikipangwa moja juu ya nyingine kwenye osiloskopu, utaona umbo kama jicho. Likiwa wazi, nguvu inasaidia. Likifungwa, haisaidii, kwa sababu ukiongeza nguvu ya wimbi unaongeza na mwangwi wake.

Chukua miangwi miwili ya 0.6 kila mmoja. Wote wawili wakivuta kinyume, kimo ni 1 kutoa 1.2, yaani −0.2. Biti inasomwa vibaya hata kelele ikiwa sifuri. Hali hiyo hutokea robo ya wakati, kwa hiyo kadiri unavyoongeza nguvu makosa yanaelekea robo, hayaendi sifuri. Dawa iko kwenye sehemu ya visawazishi, yaani saketi au programu za kipokezi zinazopunguza athari ya mwangwi.

## Kupima

Nitume biti ngapi ili niamini kipimo?

Hesabu makosa, wingi wa biti peke yake haukuambii kitu. Ukipata makosa 100, kipimo chako kinayumba kwa takriban asilimia 10, na kwa uhakika wa asilimia 95 kiko ndani ya asilimia 20 juu au chini. Ukipata makosa 10 tu, wastani wa kweli unaweza kuwa popote kati ya 5 na 18.

Kwa kiwango cha kosa moja kwa bilioni, makosa 100 yanahitaji biti bilioni 100. Kwa megabiti moja kwa sekunde ni saa 28. Kwa modemu ya biti 9,600 kwa sekunde ni siku 120. Hapo rudi kwenye ujanja wa tatu wa swali la vipande vingi.

Nimepima sijaona kosa hata moja. Niandike sifuri?

Usiandike sifuri. Ukituma biti N bila kosa, unachoweza kusema kwa uhakika wa asilimia 95 ni kwamba kiwango hakizidi 3 kugawa kwa N. Biti milioni moja safi zinathibitisha makosa yasiyozidi 3 kwa milioni. Kuthibitisha yasiyozidi 1 kwa bilioni, tuma biti bilioni 3 bila kosa: dakika 50 kwa megabiti moja kwa sekunde.

Nitume mfuatano gani wakati wa majaribio?

Mfuatano nasibu-bandia, ambao urefu wa mipangilio yake kamili unazidi kumbukumbu ya mwangwi wako, yaani idadi ya alama ambazo mwangwi unafika nyuma. Ule wa biti 127 una kila mpangilio wa biti saba isipokuwa wa sifuri tupu. Ule wa biti 32,767 unafanya hivyo kwa mpangilio wa biti 15. Mwangwi wako ukifika alama 12 nyuma, wa kwanza hautoshi.

Mimi nilijifunza hili vibaya. Tulikuwa tunajaribu kiungo cha kutuma kina cha maji kutoka ufukweni hadi kilimani. Nikaweka modemu itume herufi U usiku kucha, kama mafundi wengi tunavyofanya, kwa sababu U ikitumwa kwenye laini ya kawaida, pamoja na biti yake ya kuanza na ya kumaliza, inatoka 0 1 0 1 0 1 0 1 0 1, na saa ya kipokezi inaipenda. Asubuhi nikakuta hakuna kosa. Nikafunga sanduku, nikashuka mlimani nikiwa na furaha. Vipimo halisi vilipoanza kuja vilikuwa vimevurugika: kina kinasoma mita 2, dakika inayofuata mita 31.

Mwangwi wetu ulikuwa umegeuzwa: alama ya +1 ilirudi kama −0.5. Kwenye herufi U jirani yuko kinyume daima, kwa hiyo mwangwi uliogeuzwa ulikuwa unamsaidia kila mara. Nilikuwa nimepima Q(1.5/σ) usiku mzima bila kujua. Kama mwangwi usingegeuzwa, U ileile ingenionyesha makosa mara mbili ya ukweli. Mfuatano unaojirudia hukupa kiwango cha jirani mmoja tu.

Naweza kupima kwenye kelele kubwa, kisha nivute mstari hadi kelele ndogo?

Kwa tahadhari kubwa. Kelele nyingi huficha mwangwi. Kwa mfano wetu, σ ikiwa 1, makosa ni asilimia 18.8 penye mwangwi na asilimia 15.9 pasipo. Ukiona namba hizo mbili utasema mwangwi si kitu. Kwenye σ ya 0.25 tofauti ileile ni mara 360. Na jicho likiwa limefungwa, mstari utakuahidi kushuka wakati ukweli umegota.

## Visawazishi

Kisawazishi kinashusha makosa kiasi gani?

Kwa mwangwi uleule wa 0.5 na σ ya 0.25, hali ziko hivi. Bila kisawazishi, 0.0114. Kisawazishi cha mstari kinachofuta mwangwi wote kinakuza nishati ya kelele kwa theluthi moja, na makosa yanashuka hadi 2.7 kwa 10,000. Kinachotumia biti zilizokwisha kuamuliwa, kikiondoa mwangwi wake kabla ya kuamua inayofuata, kinafika 4.2 kwa 100,000.

Kinachosoma mfuatano mzima na kutafuta ule unaoelekea zaidi kuwa ndio uliotumwa kinafika kama 3.9 kwa milioni. Algoriti yake ni ya mhandisi Viterbi, ya 1967, na mhandisi mwingine, Forney, alionyesha mwaka 1972 jinsi inavyotumika kwenye mwingiliano wa alama. Hapa pananifurahisha kila nikipafundisha: 3.9 kwa milioni ni bora kuliko 3.2 kwa 100,000 ya njia isiyo na mwangwi. Ule mwangwi ulikuwa umebeba nishati ya biti, na kipokezi kinachojua kuusikiliza kinaitumia. Gharama ni hesabu: kila alama moja ya kumbukumbu inazidisha kazi mara mbili.

Kwa nini makosa yangu yanakuja kwa mafungu?

Kama unatumia kisawazishi cha maamuzi, ndivyo kinavyoumwa. Kikikosea biti moja, kinaondoa mwangwi usio sahihi kwenye inayofuata. Kwa mfano wetu, baada ya kosa moja inayofuata inakosewa kwa uwezekano wa robo. Ndiyo maana 3.2 inakuwa 4.2: gawa kwa robo tatu. Wastani haukuongezeka sana, lakini makosa yanaandamana, na msimbo wa kurekebisha biti mojamoja utashindwa. Unapopima, hesabu fungu kama tukio moja. Makosa 100 yaliyokuja kwa mafungu 30 yana uzito wa vipimo 30.

## Hali za pembeni

Simu na Wi-Fi navyo vinasumbuliwa?

Vimeandaliwa. Biti ya GSM (simu za 2G) inadumu mikrosekunde 3.69, na katikati ya kila mkupuo kuna biti 26 zinazojulikana ili simu ipime mwangwi yenyewe. LTE (simu za 4G) inaacha nafasi ya mikrosekunde 4.7 kabla ya kila alama, sawa na tofauti ya njia ya kilomita 1.4. Wi-Fi ya kawaida inaacha mikrosekunde 0.8 tu, mita 240, kwa sababu ilibuniwa kwa ajili ya ndani ya nyumba. Ukiirusha kuvuka maji na kuna jabali linaloongeza mita 400, mwangwi unapita nafasi hiyo na kila kitu cha sehemu ya kukokotoa kinarudi.

Na mawasiliano ya sauti chini ya maji ya ziwa?

Huko ndiko mwingiliano mkali zaidi. Sauti majini husafiri kama mita 1,500 kwa sekunde. Vifaa viwili vikiwa kina cha mita 10, umbali wa mita 100, sauti iliyogonga uso wa maji inachelewa milisekunde 1.3. Kwa alama 5,000 kwa sekunde hizo ni alama sita na zaidi, na bado hujahesabu iliyogonga tope la chini, wala iliyogonga juu na chini. Vipande 40 si ajabu. Tumia ujanja wa tatu, na pima njia upya mara kwa mara kwa sababu mawimbi ya juu yanaibadilisha.

Kiungo changu ni kizuri asubuhi, mchana kinaharibika. Nitoe wastani?

Andika kiwango cha kila saa. Tuseme kisawazishi kinafanya kazi kwa saa 23 na makosa ni 4.2 kwa 100,000, kisha kwa saa moja kinapoteza mwelekeo na makosa yanapanda hadi 0.0114. Wastani wa siku ni kama 5 kwa 10,000. Namba hiyo haikuwepo saa yoyote ya siku, na zaidi ya asilimia 90 ya makosa yake ni ya saa moja.

Hapa ndipo ziwa na jabali wanaposhirikiana. Rudio la maji linalofika karibu pamoja na wimbi kuu linaweza kulififisha, sema kutoka 1 hadi 0.7, na hali hiyo hubadilika hewa na uso wa maji vinapobadilika. Mwangwi wa jabali haupiti njia hiyo, unabaki 0.5. Sasa vimo ni 1.2 na 0.2, na kwa σ ya 0.25 makosa yanaruka kutoka asilimia 1.1 hadi asilimia 10.6. Fundi anaona nguvu ya mawimbi imeshuka kidogo tu, anadhani kifaa kimekufa, anapanda mnara kukibadilisha. Kabla ya kupanda, sogeza antena juu au chini mita moja au mbili ili rudio la maji lifike tofauti, kisha pima tena saa ileile iliyokuwa inaharibika.